BAHARI YETU YAUZWA CHINI YA MLIMA MERU

Wanachama wenzetu,

Mambo ya bahari ya Unguja na Pemba yamezoea kuamuliwa mbali na pwani. Zamani yaliamuliwa Bombay, kisha yakaamuliwa London. Leo sehemu yake moja, nayo si ndogo, inaamuliwa katika mji usiokuwa na bahari, wala bandari, wala hata harufu ya mwani. Mji huo ni Arusha, chini ya Mlima Meru. Na jambo lenyewe ni uvuvi wa mchezo wanaouziwa wageni wanaokuja kupumzika visiwani kwetu.

Msomaji asidhani kuwa tunafanya mzaha. Watu wa Arusha ni watu wa mlima. Samaki wa mezani kwao ni sato na sangara wa Ziwa Victoria, dagaa wa Kigoma, au perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Na ziwa walilo nalo karibu, Duluti la Tengeru, ni dogo, limekaa ndani ya shimo la volkeno iliyozimika. Lakini Arusha ndiyo lango la Serengeti, Ngorongoro, Manyara na Tarangire, na kwa ajili hiyo biashara ya safari imepiga kambi hapo. Katika mji huo mgeni huuziwa mambo mawili kwa pamoja: kwanza wanyama, kisha kisiwa. Siku sita au saba hutembezwa mbugani kutazama simba na tembo. Vumbi likimchosha, hupandishwa ndege ndogo katika kiwanja cha Kisongo, na baada ya muda usiofika saa mbili yuko Unguja. Na miongoni mwa starehe anazoahidiwa ni siku moja ya kutoka na boti kwenda kuvua nduaro, sulisuli, jodari, nguru na fulusi.

Uvuvi huo haufanani na wetu, ingawa asili yake ni moja. Boti hukata maji pole pole, na mishipi kadha wa kadha huburutwa nyuma yake. Ndiko kurambaza, jambo walilolifanya babu zetu kwa tanga kabla mashine hazijaonekana katika bahari hii. Mgeni hukaa katika kiti kilichofungwa imara, ameshika fimbo yenye gurudumu la mshipi. Samaki mkubwa akidaka ndoana hupigana naye kwa muda mrefu mpaka mmoja wao achoke. Kisha samaki hupigwa picha, na mara nyingi nduaro huachiwa akarudi zake. Malipo ya siku moja ya namna hiyo huhesabiwa kwa mamia ya dola.

Sisi hatuna ugomvi na mgeni huyo. Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone, na visiwa hivi vimeishi kwa kupokea majahazi ya watu wengine tangu karne nyingi. Tunachouliza ni kimoja, nacho kimo katika methali ile ile: mgeni amekwisha kuja, je, mwenyeji amepona? Na kama hakupona, fungu lake limebaki wapi baina ya Kisongo na Kizimkazi?

Kwanza na tufahamu kuwa biashara hii ya mbuga na bahari kwa pamoja haikuanza jana. Mwandishi wa Kimarekani, Ernest Hemingway, alikuja Afrika ya Mashariki mwishoni mwa mwaka wa 1933 kuwinda. Aliwinda Serengeti na pande za Ziwa Manyara. Na alipomaliza kuwinda, mapema mwaka wa 1934, aliteremka pwani ya Kenya, pande za Malindi, akavua samaki wakubwa. Mwaka wa 1935 alitoa kitabu juu ya uwindaji wake, na wasomaji wake wengi wakapata hamu ya kufuata nyayo hizo. Mwaka wa 1962 ikatoka filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, iliyopigwa pande za Arusha na Momela, na dunia nzima ikaona mlima wa Wameru kuwa uwanja wa kuchezea mashujaa wa kigeni. Basi ramani ya starehe ilichorwa zamani. Aliyeichora alikuwa ni mwenye kuja. Mwenye kukaa hakuulizwa.

Na hapa ndipo tunapowaomba wanachama wautazame Mlima Meru kwa makini, maana yaliyoufika mlima ule ndiyo yanayovinyemelea visiwa hivi.

Wameru na Waarusha walikuwa na mlima wao, na malisho yao, na misitu yao waliyokata kuni na kuchimba dawa. Alipokuja Mjerumani, akajenga boma, akawagawia walowezi mashamba kwenye miteremko ya chini, na msitu wa juu akauwekea mipaka. Wenyeji wakabaki wamebanwa katikati, mashamba ya wageni chini yao na msitu wa serikali juu yao. Mwingereza alipoingia hakuifungua kamba hiyo. Zikaja na sheria za wanyama, na sheria hizo zikazaa watu wa aina mbili wanaofanya kitendo kimoja: aliyeua mnyama ili ale aliitwa jangili, na aliyeua mnyama ili apige picha na kutundika pembe ukutani aliitwa mwindaji mwenye leseni.

Kisha ukaja mwezi wa Novemba 1951. Wameru wa Engare Nanyuki, watu wapatao 3,000, waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ili wapewe Wazungu wafuge ng'ombe. Nyumba zao zikateketezwa kwa moto. Wameru hawakukamata silaha. Walichanga fedha, wakaandika madai yao, wakamchagua mmoja wao, Kirilo Japhet, na wakili wao akawa Earle Seaton, mzaliwa wa kisiwa cha Bermuda. Mwaka wa 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York akaeleza dhulma waliyotendewa. Katika Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili zilizotakiwa, wala ardhi haikurudi siku ile. Lakini aliporudi na kuwasimulia watu aliyoyaona, Tanganyika nzima ilisikia kuwa mtawaliwa aweza kumshitaki mtawala wake mbele ya ulimwengu; na miaka miwili baadaye chama cha TANU kikazaliwa.

Mwaka wa 1960 Ngurdoto ikatangazwa hifadhi ya taifa. Baadaye maziwa ya Momela na mlima wenyewe vikatiwa ndani yake. Hatusemi kuwa kuhifadhi ni kosa. Twiga wa Momela ni mali ya watoto wa Tanzania wote, na pasingekuwa na mpaka huenda leo wasingekuwapo. Tunachosema ni kwamba mpaka ulipochorwa, mwenyeji alikuta amewekwa upande wa nje akiwa mchukuzi wa mizigo, na mgeni amewekwa upande wa ndani akiwa mtazamaji. Aliyepoteza malisho hakuonyeshwa hesabu ya kiingilio.

Ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako kitie maji.

Sasa na tutazame chetu. Mwaka wa 2023 walifika Zanzibar wageni zaidi ya 630,000, na mwaka wa 2024 walipita 730,000. Na sisi wenyewe, kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2022, hatufiki milioni mbili. Hao wote wanataka kula samaki, na baadhi yao wanataka kuvua. Jodari na pweza wanaopelekwa hotelini hununuliwa kwa bei ambayo mama wa Ng'ambo hawezi kuifuata. Hurudi nyumbani na fungu la dagaa. Kisiwa cha Mnemba kimekuwa hoteli ya watu wachache kwa miaka mingi, na mvuvi wa Matemwe hukitazama kwa mbali kama anavyotazama mwezi. Mwishoni mwa mwaka wa 2021 Serikali ilitangaza kuwa imevikodisha visiwa vidogo kadha kwa wawekezaji. Visiwa hivyo katika karatasi huitwa visiwa visivyokaliwa na watu.

Hapa tunasimama na kusema kwa sauti: hakuna kisiwa katika bahari yetu kisichokuwa na watu. Kipo kisichokuwa na nyumba. Mvuvi akienda dago hukaa kisiwani siku nyingi. Huko hukausha nyavu, huanika samaki, huchota maji ya kisima anachokijua yeye, hujificha na tufani. Watu wa Kojani wamekwenda dago kufuata samaki kando ya mwambao huu wa Afrika tangu zamani, wala hawakuacha nguzo za saruji kuwa ushahidi. Ikiwa kukosa nguzo za saruji ndiko kukosa mwenyewe, basi na malisho ya Engare Nanyuki nayo hayakuwa na mwenyewe, na Wazungu wa mwaka wa 1951 walikuwa na haki. Nani miongoni mwetu atakubali hesabu hiyo?

Watatuambia wapinzani wetu kuwa uvuvi wa mchezo haumalizi samaki. Katika hilo tunawakubalia, maana haki haijengwi kwa uwongo. Mgeni mmoja mwenye fimbo, akivua nduaro na kumwachia, si yeye anayetoboa pipa. Anayetoboa pipa ni meli kubwa za mbali, zenye nyavu za kuzungushia na mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana, zinazovuna nje kabisa ambako ngalawa haifiki. Mwaka wa 2015 wataalamu wa tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, walieleza kuwa jodari wa mapezi ya manjano alikuwa akivuliwa kupita kiasi. Katika jambo hilo mvuvi wa mchezo na mvuvi wa ngalawa wana adui mmoja, na mwenye akili hamfukuzi mtu anayeweza kushuhudia upande wake.

Watatuambia tena kuwa utalii unaleta kazi na fedha za kigeni. Na hilo ni kweli. Lakini kazi gani? Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Ndiyo sababu samaki wakubwa wa bahari kuu hupita karibu na pwani yake, tofauti na mkondo wa Unguja ambao ni wa kina kidogo. Nani ajuaye mahali maji yanapogeuka rangi? Nani ajuaye kaskazi inapoingia samaki gani watangulia, na kusi ikivuma wapi pa kujistiri? Ni mzee wa Makangale, wa Nungwi na wa Mkoani. Elimu hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza inayouzwa katika safari hii, kabla ya boti na kabla ya petroli. Kwani boti bila ya elimu hiyo ni kutembea baharini tu. Walakini mwenye elimu huajiriwa kuwa baharia wa kutia chambo, hupewa ujira wa siku na bakhshishi, na mwenye boti na mwenye kuuza safari hugawana kilichobaki. Hatuwalaumu ndugu zetu wa Arusha. Mfanyabiashara huuza anachoachiwa auze. Tunawalaumu wenye dhamana wanaoacha bidhaa ya kisiwa ipewe bei bila ya mwenye kisiwa kuwapo.

Wala tusiseme kuwa haiwezekani kufanya vinginevyo. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kumkodisha mwekezaji wa hoteli kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Wavuvi wakakataa. Wakasema, na wakasikilizwa. Na mwaka wa 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, ambamo mwamba mmoja umefungwa na sehemu iliyobaki wavuvi wanaendelea kuvua, na mgeni anakuja, anatazama, analipa. Mwaka wa 2005 hifadhi hiyo ikapanuliwa kuwa ya Mkondo wa Pemba. Mambo hayo hayakukosa kasoro. Lakini yalionyesha kuwa mvuvi akiketi katika baraza kabla ya karatasi kutiwa saini, mgeni hakosi starehe na mwenyeji hakosi chungu.

Na tuwatazame jirani zetu wa bahari hii hii. Visiwa vya Maldives vilifungua hoteli zao za kwanza mwaka wa 1972, na kwa miaka mingi wageni waliwekwa mbali katika visiwa vyao, na wananchi katika vyao. Ni mwaka wa 2009 ndipo wananchi wa kawaida walipofunguliwa mlango wa kuweka nyumba za wageni katika visiwa wanamokaa. Walipofunguliwa, mtu wa kawaida naye akawa mwenye nyumba, mwenye boti na mwenye mshipi. Hawakumfukuza mgeni, walimsogeza karibu na mlango wa mwenyeji. Na jodari wao wameendelea kumvua kwa fimbo na ndoana, samaki mmoja mmoja, wakajipatia jina zuri kwa wanunuzi.

Kabla hatujataja madai yetu, hatuna budi tuseme na nyumbani. Mvuvi anayeburuta juya juu ya matumbawe, mwenye nyavu za macho madogo zinazozoa vichanga, na mpiga baruti, hao wote wanamwandikia mwekezaji hoja zake. Mtu hawezi kusimama akasema mwamba ni wangu na huku anauvunja. Wenzetu wa Kisiwa Panza wametupa mfano: wao wenyewe hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi, ili pweza wakue, na siku ya kufungua hushuka wake kwa waume wakavua kwa pamoja. Huko ndiko kumiliki. Anayejizuia mwenyewe ndiye mwenye haki ya kumzuia mwingine.

Basi tunadai mambo manne, nayo ni mepesi kufahamika.

La kwanza, mwamba ukifungwa, ufungwe kwa wote. Isiwe ngalawa inafukuzwa kwa jina la hifadhi na boti la starehe linapita kwa jina la utalii. Sheria ya uvuvi imwone mwenye fimbo na mwenye mshipi wa mkono kwa jicho moja.

La pili, mikataba yote ya visiwa vidogo isomwe hadharani, katika ofisi za Masheha na madikoni: nani amekodi, kwa miaka mingapi, kwa kodi gani, na fedha hizo zimeingia mfuko upi. Na katika kila mkataba iandikwe haki ya mvuvi ya kutia nanga, kujistiri na kwenda dago.

La tatu, kila boti la uvuvi wa mchezo liwe na nahodha mwananchi, na vijana wa madikoni wafundishwe kazi hiyo na kusaidiwa kumiliki boti kwa ushirika. Na vyama vyao vya ushirika viweke wakala wao huko huko Arusha, ili mgeni anaponunua siku yake ya bahari ainunue kwa mwenye bahari.

La nne, sehemu ya ada ya kila safari irudi katika diko ambalo boti limetokea, na hesabu yake ibandikwe ukutani kila mwezi, mwenye kusoma asome na asiyejua kusoma asomewe.

Lakini madai bila ya ushahidi ni kelele, na hapo ndipo somo la Wameru linapotufaa zaidi. Kirilo Japhet hakufika New York na ghadhabu peke yake. Alifika na maandishi. Wenzake walikuwa wamechanga, wameandika, wamehesabu watu wao waliotolewa. Sisi tunasema mali bila daftari hupotea bila habari, na huku visiwa vyetu vya dago havina daftari. Wanaovijua ni wazee, na wazee wanatutoka.

Kwa hiyo tunalitaka kila tawi lililo pwani, Unguja na Pemba, lifanye kazi hii kabla ya kaskazi ijayo kuingia. Wakusanywe wazee wa kila diko. Yaandikwe majina ya visiwa, miamba, visima na maficho ya tufani. Nani huenda huko, msimu gani, kwa chombo gani, na tangu lini kwa kadiri wanavyokumbuka. Daftari liwe na nakala tatu: moja ibaki katika tawi, moja apewe Sheha kwa kutiwa saini ya kupokea, na moja iletwe makao makuu ya Chama. Katibu wa tawi atakayepokea karatasi hii aisome katika mkutano wa kwanza, na aandike katika kumbukumbu za mkutano ni nani aliyechaguliwa kuishika kalamu.